Mchuuzi wa Mlangoni na Mashine ya Kulainisha Maji

Leo tutajifunza habari ya mtu anayebisha hodi kuuza mashine ya maji, na namna ya kumjibu.

Kwanza namwomba mwalimu aandike ubaoni maneno haya matano: MKATABA, SAHIHI, ARUBUNI, RIBA, NAKALA. Mkataba ni mapatano yaliyoandikwa. Sahihi ni jina lako uliloliandika kwa mkono wako kuonyesha kwamba umekubali. Alama ya dole gumba nayo huhesabiwa kuwa umekubali. Arubuni ni fedha ya kwanza inayotolewa ili kushika bidhaa. Riba ni fedha ya ziada unayolipa kwa sababu unalipa kidogo kidogo. Nakala ni karatasi ya pili iliyo sawa na ile ya kwanza.

Sasa sikilizeni mazungumzo. Tuseme tuko Mombasa, katika nyumba inayotumia maji ya kisima. Hii si habari ya mtu fulani, ni mfano tu.

MCHUUZI: Hodi! Hodi wenyewe!

MAMA: Karibu, mwanangu.

MCHUUZI: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba. Karibu kiti.

MCHUUZI: Mama, napita nyumba kwa nyumba kupima maji, bure kabisa. Nipe maji yako katika bilauri. Sasa natia vijiti hivi viwili vya chuma na kuwasha umeme. Unaona? Yamekuwa kama tope! Haya ndiyo wanayokunywa wajukuu zako.

MAMA: Masalale!

MCHUUZI: Tazama na bilauri hii, maji ya mashine yetu. Meupe pe! Mama, bei ni shilingi 3,500 tu kwa mwezi, lakini ni ya leo tu. Jirani yako amekwisha tia sahihi. Weka dole hapa.

MAMA: Ngoja kwanza mwanangu arudi kazini.

MCHUUZI: Mama, wajukuu wataugua nawe unangoja jioni?

Hapa tusimame, tutazame mambo haya moja moja.

MAJI MAGUMU NI NINI?

Maji ya mvua hayana chokaa. Yakishuka ardhini na kupita katika mawe ya chokaa au matumbawe, kama yaliyoko pwani yetu, huyeyusha madini na kuyachukua. Madini hayo hasa ni kalsiamu na magnesiamu. Maji yenye madini hayo kwa wingi huitwa maji magumu. Sabuni haitoi povu upesi, nguo hazitakati vizuri, na ndani ya birika hushika ukoko mweupe.

Mnaweza kupima wenyewe bila mchuuzi. Chukueni chupa mbili zilizo sawa. Moja tieni maji ya mvua, ya pili maji ya kisima, kipimo kimoja. Kwaruzeni sabuni ya mche, mtie kiasi kile kile katika kila chupa, kisha tikiseni. Maji ya mvua yatatoa povu jingi. Maji magumu yatatoa povu kidogo, na kufanya utando kama maziwa yaliyoganda. Msitumie sabuni ya unga, maana nyingine zimetengenezwa zitoe povu hata katika maji magumu.

Je, maji magumu yanadhuru mwili? Ugumu peke yake si ugonjwa. Kalsiamu na magnesiamu ni madini yanayohitajiwa na mwili, na Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya. Hasara yake ni ya sabuni, ya birika na ya mabomba.

MASHINE HUFANYA NINI?

Ndani ya mashine kuna punje ndogo sana, mfano wa mbegu za mchicha. Punje hizo hushika madini ya chokaa na kuachia sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi. Zikijaa hazifanyi kazi tena mpaka zisafishwe kwa maji ya chumvi nyingi. Kwa hiyo mwenye mashine atanunua chumvi siku zote. Kumbuka kumwuliza mchuuzi habari ya gharama hiyo, maana huenda asiitaje.

Tena yafaa kujua mashine hii isiyoyafanya. Haiui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Kwa hayo chemsheni maji, au tieni dawa ya maji kama mlivyofundishwa. Haiondoi ladha ya chumvi katika maji ya kisima cha pwani. Wala haiondoi floridi, ile inayofanya meno kuwa na rangi ya kahawia katika sehemu za Arusha na za Bonde la Ufa. Mashine hii ni ya kulainisha maji. Si ya kutibu kila ubaya wa maji.

Na lile tope katika bilauri? Lilitoka katika kijiti cha chuma chenyewe. Maji yenye madini hupitisha umeme vizuri, na umeme ule huila chuma, ikawa kutu. Maji yasiyo na madini hupitisha umeme kidogo mno, basi hubaki meupe. Mwambie mchuuzi atie chumvi kidogo katika bilauri yake nyeupe, kisha awashe tena. Itachafuka vile vile. Jaribio hilo halionyeshi uchafu wala ugonjwa. Nanyi msilifanye nyumbani, maana umeme na maji ni hatari.

HESABU YA MKATABA

Mchuuzi alisema shilingi 3,500 tu kwa mwezi. Hakusema ni miezi mingapi. Tuseme mkataba ni wa miezi 36. Andikeni: 3,500 mara 36 ni shilingi 126,000. Ikiwa bei ya taslimu ni shilingi 80,000, basi kulipa kidogo kidogo kumemwongezea mama shilingi 46,000, na chumvi bado haijahesabiwa. Kila mara ulizeni bei yote, si ya mwezi mmoja.

KWA NINI ANAHARAKISHA?

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Si kila mchuuzi ni mwongo. Wengi hutafuta riziki yao kwa haki. Lakini anayekataza usifikiri anaogopa fikira zako. Katika desturi yetu mgeni hukaribishwa kiti, na ni aibu kumwambia aondoke. Mchuuzi mjanja anaijua adabu hiyo, akaitumia kukufunga. Basi kumbukeni: aliyekuja kuuza si mgeni uliyemwalika. Kumwambia "sitaki" si utovu wa adabu.

Hatari yake ni kubwa, na imeonekana. Katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, wachuuzi walikuwa wakibisha hodi kuuza na kukodisha mashine za kulainisha, kuchuja na kupasha moto maji. Watu walitia sahihi mikataba ya miaka mingi. Baadhi yao waligundua baadaye, walipotaka kuuza nyumba, kwamba kampuni imeandikisha dai juu ya hati ya nyumba. Malalamiko yalizidi mpaka sheria ikabadilishwa. Tangu tarehe 1 Machi 2018, mchuuzi asiyeitwa haruhusiwi huko kufanya mkataba wa mashine hizo mlangoni. Mwaka 2024 sheria nyingine ikazuia kuandikisha madai ya namna ile juu ya nyumba kwa ajili ya bidhaa za nyumbani. Fikirini: sahihi ya dakika moja iliigusa nyumba nzima.

SHERIA INASEMAJE?

Katika Kenya iko sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda watumiaji. Mtu aliyefanya mkataba na mwuzaji mahali pasipo pa biashara ya mwuzaji, kama nyumbani kwake, anaweza kuuvunja bila kutoa sababu, mpaka zipite siku 10 tangu kupokea nakala yake. Ndiyo maana nakala ni kitu kikubwa. Jamaa zenu walioko Marekani nao wana siku 3 za kazi kuvunja manunuzi ya namna hiyo yanayofanywa nyumbani, yakifikia dola 25. Katika Tanzania sheria ya mwaka 2003 inakataza kuwadanganya wanunuzi, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo ulizeni mapema, wala msingoje siku zipite.

MAMBO MATANO YA KUFANYA

1. Zungumzeni naye barazani. Msimwingize ndani.

2. Mwombeni kitambulisho. Akisema ametumwa na idara ya maji, ulizeni idarani kwanza.

3. Mwambieni hivi: "Asante, bwana. Leo sitii sahihi wala sitoi arubuni. Niachie karatasi, nitaisoma na wenzangu."

4. Someni kila mstari. Palipo pagumu, ileteni karatasi darasani. Msitie sahihi wala dole mahali palipoachwa wazi.

5. Akikataa kuondoka, waiteni majirani au balozi wa mtaa.

Na ikiwa umekwisha tia sahihi, usikae kimya kwa aibu. Andika barua leo leo. Nakilini mfano huu madaftarini:

"Kwa Bwana Meneja. Tarehe ... nilitia sahihi mkataba wa mashine ya maji nyumbani kwangu. Sasa nauvunja mkataba huo. Tafadhali nirudishieni fedha zangu, mje kuchukua mashine yenu. Mimi ..."

Weka nakala ya barua, na andika siku uliyoipeleka na jina la aliyeipokea.

MASWALI

1. Kwa nini maji ya kisima cha pwani huwa magumu?

2. Tope la bilauri lilitoka wapi?

3. Malipo ni shilingi 2,800 kwa mwezi, kwa miezi 24. Bei yote ni kiasi gani?

4. Someni tena maneno ya mchuuzi. Ni maneno gani aliyoyatumia kumtia mama hofu, na yapi ya kumharakisha?

5. Wawili wawili, igizeni mazungumzo yale upya. Safari hii mama ajibu kama mlivyojifunza.