Jezi ya Kongo: rangi zilifuata bendera, chui akabaki

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jezi ya timu ya taifa imebadilika kila nchi ilipobadili utawala na bendera. Kwa anayeifahamu historia ya jirani huyo, mavazi ya wachezaji wake ni kumbukumbu ya siasa.

Mwaka 1971, Rais Mobutu Sese Seko aliipa nchi jina la Zaire na bendera mpya ya kijani, yenye duara la njano katikati. Timu nayo ikavaa kijani na njano. Mnyama wake alikuwa chui, nembo ya mamlaka katika tawala nyingi za jadi za Kongo, na ambaye ngozi yake ilitengenezewa kofia ya Mobutu.

Kwa mavazi hayo Zaire ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1974 nchini Misri, ambako Ndaye Mulamba alifunga mabao 9. Miezi michache baadaye ikawa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, huko Ujerumani Magharibi. Jezi yake, yenye duara kubwa la chui kifuani, ingali inatafutwa na wakusanyaji.

Matokeo, hata hivyo, yalikuwa machungu. Zaire ilifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia na 3-0 na Brazil. Dhidi ya Yugoslavia, mwamuzi alimtoa Ndaye kwa kosa la Mwepu Ilunga, ingawa kila mmoja alikuwa na namba yake mgongoni.

Kutoka Chui hadi Simba

Mwezi Mei 1997, majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa. Jina la Zaire lilifutwa, bendera ya buluu yenye nyota za njano ikapandishwa, na jezi ya kijani ikawekwa kando. Timu ikaitwa Simba, jina lililokuwa pia la waasi wa mashariki wa mwaka 1964, ambao Kabila alishiriki harakati zao.

Mwaka 2006, katiba mpya ilileta bendera ya buluu ya anga, yenye mstari mwekundu uliopakana na njano. Rangi hizo tatu ndizo zinazotawala jezi za leo.

Chui naye alirejea. Kichwa chake kimo katika nembo ya taifa ya mwaka 2006, na timu inaitwa tena Chui. Kijani kilihesabiwa kuwa mali ya Mobutu, kikaondoka pamoja naye. Lakini chui alikuwapo kabla ya Mobutu, katika viti na mavazi ya watawala wa jadi. Ndiyo maana Wakongo wameweza kumvaa tena bila kumrejesha mtawala aliyemfanya wake.