Udongo Una Uhai: Tuujue, Tulinde Afya

Udongo unaoukanyaga si kitu kilichokufa. Ndani yake mna viumbe wadogo sana. Macho peke yake hayawezi kuwaona. Viumbe hao huitwa bakteria.

Bakteria hawafanani kila mahali. Mwenyeji wa Mapinga akienda kwenye mikoko ya pwani ataona tope jeusi. Tope hilo halina hewa. Bakteria waishio humo hawahitaji hewa. Hao ndio wanaoleta ile harufu ya yai viza. Katika msitu wa nchi kavu mambo ni tofauti. Huko bakteria wapendao hewa huozesha majani yakawa mboji.

Kina nacho kina maana. Bakteria wengi hukaa karibu na uso wa ardhi, penye chakula na hewa. Ukichimba zaidi, wanapungua.

Wengi wao hawatudhuru. Tena hutusaidia. Mwaka 1943, huko Marekani, dawa ya streptomisini ilipatikana kutoka kwa bakteria wa udongo. Dawa hiyo ilitibu kifua kikuu.

Lakini wako wabaya. Bakteria wa pepopunda hukaa udongoni miaka mingi, hasa penye samadi. Naye hustawi pasipo hewa. Kwa hiyo jeraha la msumari ni la hatari, kwa sababu huingia ndani sana. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati upesi. Usipake udongo wala samadi kwenye kitovu cha mtoto. Mama mjamzito apate chanjo ya pepopunda.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilihimiza kuchimba vyoo. Tukumbuke jambo moja. Udongo wa juu, wenye uhai, husaidia kuchuja na kuozesha uchafu. Shimo la choo hupita udongo huo likafika chini. Mchanga wa pwani nao hupitisha maji upesi. Basi choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi. Shimo lisifike kwenye maji.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini jeraha la msumari ni la hatari?
2. Choo chako kiko hatua ngapi kutoka kisimani?