Alama Moja Iliyopotea

Mzee mmoja wa hapa Kasaji alitujia jioni, simu mkononi, uso umekunjamana. "Mwalimu," akasema, "hao watu wa Nairobi wameiba alama za binti yangu."

Binti huyo alikuwa amesoma kwa intaneti, miezi mitatu, kozi ya kutunza hesabu za biashara, ifundishwayo kwa Kiingereza. Kazi zake za nyumbani zilirudi na alama 8, 9 na 8 juu ya 10. Lakini mwisho aliandikiwa 49 juu ya 100, na kufaulu kulihitaji 50. Mzee alikuwa amekwisha kukata shauri: hatanunua tena megabaiti hata moja, na binti arudi sokoni kuuza unga wa mihogo.

Hatukumlaumu. Mzazi anayejinyima kwa ajili ya masomo ya mtoto ana haki ya kujua alama zatoka wapi. Tukamwita binti, tukaketi watatu, tukafungua ukurasa wa alama, ambao wanafunzi wengi hawaufungui mpaka mambo yameharibika.

Buletini ya shule zetu za sekondari mzee aliifahamu vizuri. Katika kila muhula mna vipindi viwili vya kazi za kila siku, kisha mtihani, na mtihani huwa na uzito wa vipindi vile viwili pamoja: 10, 10, kisha 20. Basi kazi za kila siku ni nusu ya muhula mzima. Katika kozi ile kazi nne za nyumbani zilichukua 40 juu ya 100, na mtihani 60. Kila kozi hujitungia kanuni yake, nayo yafaa isomwe kabla ya somo la kwanza.

Tukahesabu. Mtihani alipata 24 juu ya 60. Kazi za nyumbani: 8, 9, 8, na ya nne sifuri. Hizo ni 25. Kwa 24, ndiyo 49.

"Sifuri! Kazi ya nne aliifanya, Mwalimu. Nilimwona kwa macho yangu."

Kweli aliifanya, akaipeleka saa tano na nusu usiku, nusu saa kabla ya siku ya mwisho kwisha. Siku ya Kasaji, lakini. Saa ya Nairobi yaitangulia yetu kwa saa moja. Huko ilikuwa saa sita na nusu, na mlango ulifungwa saa sita kamili. Mashine haina moyo wa yule mwenye shamba la mizabibu, aliyewalipa hata waliofika saa kumi na moja. Kama kozi ingefuata saa ya Kinshasa, binti angekuwa bado na saa moja na nusu. Nyingine hufuata saa ya Greenwich, ambayo saa sita yake ya usiku ni saa nane kwetu.

Sifuri hiyo hatukuweza kuigusa. Lakini tulipoitazama kazi ya tatu tuliona jambo jingine. Binti aliandika 2,5 kwa mkato, kama tulivyofundishwa sote shuleni kwa Kifaransa; mashine ilingojea 2.5 kwa nukta. Jibu ni lile lile, ila mashine ililinganisha maandishi tu, ikamnyima alama moja. Tulimwambia asiombe huruma wala asitaje usiku ule, bali aeleze mkato huo kwa adabu, na kumwomba mwalimu wa kozi aitazame kazi ya tatu kwa macho yake mwenyewe. Barua ilikuwa na mistari sita. Baba yake alitaka iwe ndefu zaidi, na yenye ukali kidogo, tukakataa.

Siku ya nne jibu likaja: 9 badala ya 8. Jumla 50.

Binti sasa yumo katika kozi ya pili. Tulipopita kwao tuliona ukutani duara mbili zilizochorwa kwa makaa, moja saa ya Kasaji, nyingine saa ya Nairobi. Mzee amezichora mwenyewe, na kila ikifika saa mbili usiku humwuliza binti kama kazi imekwisha kwenda.