Risasi za Mazoezi na Risasi za Kiunoni: Hesabu ya Mwenye Bastola wa Dunda

Mfanyabiashara wa Dunda, Bagamoyo, anayepata leseni ya bastola huwa ameshatumia muda na nauli nyingi kabla hajagusa risasi hata moja. Barua imeanzia serikali ya mtaa, ikapita kata, ikafika kwa mkuu wa polisi wa wilaya na kamati ya ulinzi na usalama, ikapanda mkoani Kibaha, ikasubiri. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, na athibitishe kwamba anajua kuitumia silaha anayoiomba. Basi bastola ikishaingia mkononi, wengi huona kazi imekwisha. Hununua boksi moja la risasi, hujaza magazini, na zilezile zikakaa kiunoni mchana na kabatini usiku, mwaka hadi mwaka, bila hata moja kufyatuliwa.

Hapo ndipo fedha inapopotea. Mtu ametumia mamilioni kununua chombo asichoweza kukitumia siku ya siku. Msimamo wangu ni huu: ukiwa na fedha ya risasi, sehemu kubwa iende kwenye mazoezi na sehemu ndogo kwenye risasi za kubeba. Wengi hufanya kinyume. Huuliza risasi ipi ni kali zaidi, wakati bado hawajaweza kupiga karatasi iliyo hatua saba mbele yao.

Tuanze na bastola yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoamua bei. Jina "9 mm" limewaponza wengi, maana kuna 9 mm zaidi ya moja. Iliyoenea duniani kote ni 9×19, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ndiyo inayotumiwa na Browning, Glock, CZ na bastola nyingi za kisasa. Ipo 9×18 ya Makarov, inayotumiwa na bastola za Kirusi na ile ya Kichina inayoitwa Type 59. Ipo pia 9×17, ambayo Wamarekani huiita .380. Hizi haziazimani. Makarov ina kichwa kinene zaidi, kama milimita 9.27 dhidi ya 9.01 ya Luger, na kulazimisha moja iingie kwenye chemba ya nyingine ni kuhatarisha vidole na macho. Bastola nyingine ya Kichina, Type 54, haitumii 9 mm yoyote. Risasi yake ni 7.62×25. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, yalinganishe na yaliyo kwenye kitako cha ganda na yaliyo kwenye leseni yako. Yote matatu yakubaliane ndipo utoe fedha.

Kama bado uko kwenye hatua ya kuomba leseni na hujachagua bastola, chagua ya 9×19. Ndiyo risasi ya bastola inayotengenezwa kwa wingi kuliko zote, na wingi huo ndio unaoshusha bei. Bastola nzuri yenye risasi adimu itakufilisi taratibu, au itakukatisha tamaa ya mazoezi kabisa.

Sasa bei. Soko kubwa na la wazi kuliko yote ni la Marekani, na bei zake ndizo rahisi kulinganisha. Kwa nyakati za kawaida za miaka ya karibuni, boksi la risasi 50 za 9×19 za mazoezi, zile ambazo kichwa chake cha madini ya risasi kimevikwa shaba chote, huuzwa huko kati ya dola 12 na 18. Tuchukue 15. Kwa kukadiria shilingi 2,500 kwa dola moja, risasi moja inatoka shilingi 750. Ya .38 Special, ya rivolva, aghalabu inapita shilingi 1,000. Ile ndogo ya .22 inaweza kupatikana kwa shilingi 250 hivi. Risasi za kubeba, zenye tundu kichwani ili zitanuke zikigonga, hazishuki sana chini ya dola moja kila moja, yaani shilingi 2,500, na za viwanda vyenye sifa huzidi hapo.

Usitarajie kuzikuta bei hizo Dar es Salaam. Wauzaji wenye leseni ni wachache, mzigo unaagizwa kwa kibali maalumu, na kila risasi inaandikwa kwenye daftari. Kanda yetu ina viwanda vyake: Mzinga pale Morogoro, kile cha Eldoret kilichoanza mwaka 1997, na cha Nakasongola nchini Uganda. Lakini hivyo viliwekwa kwanza kwa ajili ya majeshi. Unachoweza kukichukua kutoka kwenye hesabu ya Marekani ni uwiano: risasi moja ya kubeba inanunua tatu za mazoezi, na moja ya mazoezi inanunua tatu za .22. Muuzaji wako akikutajia bei yake, iweke mahali pa ile 750 na uendelee kupiga hesabu.

Jihadhari na bei ya boksi. Risasi za mazoezi hufungwa 50, za kubeba mara nyingi 20 au 25, na maboksi yakisimama pamoja rafuni yanaonekana kama yanakaribiana bei. Uliza bei ya risasi moja. Muuzaji mzuri atakujibu papo hapo.

Na .22 je, si ndiyo nafuu kuliko zote? Kwa nchi ambako mtu hununua bastola ya pili kama anavyonunua baiskeli, ni kweli. Hapa kwetu bastola ya pili ni leseni ya pili, na safari ile ya mtaa hadi Kibaha unaianza upya. Ukipata klabu ya kulenga shabaha yenye .22 yake, itumie kwa furaha yote. Kununua yako kwa ajili ya kubana matumizi, sioni faida.

Njia ya bei nafuu kuliko .22 ipo, nayo ni kufanya mazoezi bila risasi kabisa. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba kwa macho kisha ipapase kwa kidole, peleka risasi zote chumba kingine na ufunge mlango. Chagua ukuta mnene usio na mtu nyuma yake. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zinazo. Kisha lenga, bonyeza kifyatulio polepole, na tazama kama ncha ya mtutu inatikisika. Makosa mengi ya kukosa shabaha yako kwenye kile kidole, wala hayahitaji baruti kuonekana. Dakika kumi, mara tatu kwa wiki, gharama ni sifuri. Bastola nyingi za kisasa za 9 mm hazidhuriki kwa hilo, lakini za .22 zinahitaji risasi bandia ya plastiki ndani ya chemba, maana pini yake inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Ukishajenga mkono kwa njia hiyo, risasi 50 kila baada ya miezi miwili, kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa na mbele ya mkufunzi, zinamtosha mtu wa kawaida. Hizo ni 300 kwa mwaka. Kwa ile hesabu yetu, shilingi 225,000. Ongeza risasi za kubeba: boksi moja la 20 la kujaribia kama bastola yako inazimeza bila kukwama, na jingine la 20 la kukaa kwenye magazini. Hizo ni shilingi 100,000 mwaka wa kwanza, kisha 50,000 kila mwaka, kwa sababu za kiunoni hufyatuliwa mwisho wa mwaka na kuwekwa mpya. Hilo la kujaribia watu hulikwepa kwa uchungu wa fedha. Lakini kichwa chenye tundu kina umbo tofauti na cha mazoezi, na bastola za zamani hasa hukikataa mlangoni mwa chemba. Ni heri ujue hivyo uwanjani.

Risasi za kutanuka zina hoja moja kubwa kwa mtu wa Dunda, nayo ni majirani. Risasi yenye kichwa kilichovikwa shaba chote ina tabia ya kupita. Humpita mtu, hupita mlango wa mbao, hupita bati, na ukuta wa udongo na fito hauisimamishi. Fikiria soko la samaki saa za mnada, watu wamebanana kuzunguka ndoo, watoto wanapenya kati ya miguu ya wakubwa. Inayotanuka huelekea kubaki ndani ya mtu iliyemgonga, na ndiyo sababu polisi wa New York walihamia kwake mwishoni mwa miaka ya 1990, ingawa Azimio la The Hague la mwaka 1899 linazikataza vitani. Hata hivyo, iliyokosa shabaha inapita ukuta kama nyingine yoyote. Kama muuzaji wako anazo na kibali chako kinaruhusu, nunua. Kama zilizopo ni za shaba tu, usihangaike kutafuta za magendo. Beba hizo hizo na uongeze mazoezi, maana anayepiga anapolenga ndiye salama kwa jirani kuliko aina yoyote ya kichwa.

Nimetaja magendo, basi nilimalize. Risasi za mkononi, zisizo na boksi, zinazotolewa mfukoni na mtu anayedai ni za ndugu yake aliyestaafu, usizinunue kwa bei yoyote. Hujui umri wake, hujui zimelowa mara ngapi, na kukutwa nazo bila kumbukumbu ya muuzaji ni kosa la jinai. Mwaka 2016, ulipofanyika uhakiki wa silaha, hata Rais Magufuli alihakikiwa zake. Pwani hii imezoea udhibiti wa namna hiyo tangu zamani: Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa tayari unawazuia wafanyabiashara kuingiza bunduki za kisasa kwenye ukanda huu wote wa Afrika.

Kuna adui mwingine ambaye vitabu vya ugenini havimtaji vya kutosha, naye ni hewa yetu yenyewe. Bagamoyo ni mahali ambapo bawaba ya mlango mpya huanza kutoa kutu kabla rangi haijachakaa. Kwenye soko la dunia utakuta risasi zenye ganda la chuma, nafuu kidogo kuliko za shaba. Kwa mtu wa Dodoma sina neno. Kwa mtu wa pwani, zipite. Nenda dukani na sumaku ndogo. Ganda likinata, ni chuma, na kilichopakwa juu yake kikishakwaruzwa kutu inaingia. Zile 7.62×25 za akiba ya majeshi ya zamani zina tatizo jingine: nyingi zina kiwashio kinachoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Kwa mwenye Type 54, hiyo ni kazi ya kuosha mtutu kwa maji ya moto na sabuni siku hiyo hiyo, kukausha na kupaka mafuta. Ukilaza, asubuhi utakuta wekundu.

Hata ganda la shaba halina kinga kamili. Jasho la kiunoni mwezi Februari lina chumvi ya kutosha kuigeuza shaba kuwa ya kijani, na mfuko wa ngozi huongeza ubaya, kwa hiyo risasi zisihifadhiwe ndani ya ngozi. Ziweke kwenye boksi lake, ndani ya kasha la chuma lenye mpira mlangoni na kufuli, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kila mwezi zitoe, zifute, zitazame. Zipange zimesimama mezani, halafu inama uziangalie kwa usawa wa macho. Ukiona moja ni fupi kuliko wenzake hata kwa unene wa ukucha, kichwa chake kimesukumwa ndani ya ganda. Hutokea kwa risasi inayoingizwa na kutolewa chemba kila siku. Mgandamizo wake ukifyatuliwa hupanda kupita kiasi. Iweke kando na uirudishe kwa muuzaji au kituoni.

Gharama ya mwisho haiandikwi kwenye risiti. Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18 hadi 18C, inakupa haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali yako, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyo mbele yako. Ukizidisha, unawajibika. Risasi moja ya shilingi 750 inaweza kukuletea wakili, mahakama na miaka ya kulala bila usingizi, hata ukiwa upande wa haki.

Kwa sababu hiyo nawaambia wenye maduka na mawakala wa Dunda: piga kwanza hesabu ya kile kinachokufanya utake kubeba bastola. Kama ni fedha taslimu ya mauzo, wateja walipe kwa simu kadiri inavyowezekana, peleka benki mchana kwa saa zinazobadilika, na mweke mtu wa pili dukani wakati wa kufunga. Ukiona bado unaihitaji, ifanye kwa ukamilifu: 9×19, ganda la shaba, risasi 300 za uwanjani kwa mwaka, 20 za kiunoni zinazobadilishwa kila mwaka, kasha lenye kufuli. Usipoweza kumudu zile 300, usiombe leseni.