Barua Kutoka Mji wa Machimbo

Barua ya kijana aliye ugenini hungojewa na nyumba nzima. Ikifika, mama humwita mtoto wa shule aisome, na majirani husogea. Basi swali letu ni hili: kijana aliyekwenda kutafuta mali akaikosa, aandike nini?

Mwaka wa 1859 madini mengi ya fedha yalivumbuliwa magharibi mwa Marekani, mahali ambapo sasa ni jimbo la Nevada. Watu wakamiminika, na mji wa Virginia City ukasimama juu ya machimbo yenyewe. Mwaka wa 1861 alifika nchi ile kijana wa miaka 25, jina lake Samuel Clemens, baada ya safari ya siku zipatazo 20 katika gari la farasi pamoja na kaka yake. Kwanza alikuwa rubani wa meli katika mto Mississippi, walakini vita vya wenyewe kwa wenyewe viliikomesha kazi hiyo. Mama yake alibaki mbali, mjini St. Louis.

Huko mali ilihesabiwa kwa futi. Maana yake, mshipa wa madini ulipimwa kwa urefu, na mtu akanunua futi kadhaa za mshipa huo, ziwe na kitu au zisiwe na kitu. Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Kijana yule alikusanya futi, na mfuko ukabaki mtupu. Mwaka wa 1862 alichimba huko Aurora, akamwandikia kaka yake mara kwa mara kumwomba pesa.

Je, mama alimwandikia nini? Katika barua moja alivitaja vilivyomo nchini: dhahabu, fedha, shaba, na katika hesabu iyo hiyo akatia wezi, wauaji na wacheza kamari. Akaongeza kwamba mvua hainyeshi wala maua hayaoti. Maneno hayo yachekesha, lakini aliyeyasoma alijua yakini mwana yuko mahali gani.

Kalamu hiyo ndiyo iliyomwokoa. Alipeleka maandiko yake kwa gazeti la Virginia City, nalo likamwajiri mwaka uo huo wa 1862 kwa dola 25 kila juma. Februari 1863 alianza kutia sahihi ya Mark Twain, jina lijulikanalo hata leo duniani kote. Hazina aliyoitafuta chini ya mwamba alikuwa nayo mkononi.

Si kila mchimbaji atakuwa mwandishi. Lakini wako vijana walionyamaza kwa aibu ya mikono mitupu, miaka ikapita, na mama akaingia kaburini akiutazama mlango. Wewe uendaye machimboni, andika. Ukipata, sema umepata. Ukikosa, sema umekosa. Mama hangojei dhahabu, akungoja wewe.