MBIO ZA CHAMBO: Mbwa haombi sub, mwenye mbwa ndiye kocha

Mbwa watatu wamevaa vizibao, mmoja wa njano, mmoja wa pinki na mwingine wa bluu. Mbele yao kuna mfuko mweupe wa plastiki, ule ulioitwa rambo Bongo kabla ya marufuku ya Juni 2019. Mfuko unaanza kuburuzwa kwenye nyasi. Msimamizi anapaza sauti: “Tallyho!” Mbwa wanaachiwa, na kinachobaki machoni ni rangi tatu zinazopita.

Huo ndio mchezo wa mbio za chambo, unaopendwa sana Marekani na Ulaya. Hakuna sungura, hakuna damu, na wala si mchezo wa kuchanwa mikeka. Mshindi anaondoka na utepe, cheti na heshima mbele ya wenzake.

Lakini kuna jambo moja linaloutofautisha na soka. Mchezaji akibanwa na misuli anakaa chini na kunyoosha mkono benchi. Mbwa hana mkono wa kunyoosha. Wengi wataendelea kukimbiza chambo hata kucha ikiwa imeng’oka au mwili unachemka. Kwa hiyo anayetaka kumwanzisha mbwa wake ana kazi kubwa kuliko kununua kizibao: ajue lini amwingize, lini amtoe, na lini asimpange kabisa.

KOMBE LA ZAMANI KULIKO FA

Kabla ya chambo alikuwepo sungura wa kweli. Huko Altcar, nje kidogo ya jiji la Liverpool, mbwa wawili wawili walishindanishwa kumfukuza sungura katika michuano ya Waterloo Cup iliyoanza mwaka 1836. Kombe la FA, analoliona shabiki wa soka kuwa babu wa makombe yote, lilianza msimu wa 1871-72. Mbwa maarufu zaidi wa Altcar, Master McGrath, alibeba Waterloo Cup mara tatu: 1868, 1869 na 1871.

Michuano hiyo ilifikia tamati mwaka 2005, baada ya sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka 2004 kupiga marufuku kuwinda sungura kwa mbwa kwa namna hiyo.

Marekani walishapata njia nyingine mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Lyle Gillette na wenzake wa California walichoka kuona mbwa wao wakivamia nyaya za seng’enge huku macho yote yakiwa kwa sungura. Wakabuni chambo cha kuvutwa kwa kamba kwenye uwanja ulio salama. Mwaka 1972 kikaundwa chama cha ASFA kusimamia mchezo huo, na mwaka 1991 chama kikubwa cha mbwa nchini humo, AKC, nacho kikaanzisha mashindano yake.

Kwa maneno mengine, mchezo huu ulizaliwa kwa sababu ya usalama wa mbwa. Anayeuanza akisahau hilo, ameanza vibaya.

UWANJA NA POINTI

Iko hivi. Mota inavuta kamba ndefu inayopita kwenye roda zilizopigiliwa ardhini, na kila penye roda kuna kona. Mwendesha mota ndiye kiungo mchezeshaji: anaharakisha chambo au kukipunguza kasi ili kibaki mbele ya mbwa kidogo tu. Akikiacha karibu mno, mbwa wananasa kwenye kamba. Akikipeleka mbali mno, wanakata tamaa.

Anayefika wa kwanza si lazima awe mshindi. Waamuzi wa AKC wanatoa pointi 10 kwa kila kigezo kati ya vitano: uwezo wa jumla, kufuata chambo, kasi, wepesi wa kugeuka na pumzi. Jumla ni 50. Mbwa anakimbia raundi ya awali na fainali, kisha pointi zinajumlishwa. Anayemsumbua mwenzake badala ya kufuata chambo anatolewa, na akirudia anaweza kufungiwa.

MBWA GANI ANACHEZA NAFASI GANI

Mbio za watatu ni za mbwa wanaowinda kwa macho tu. Staa wao ni Greyhound, anayeweza kufika kilomita 70 kwa saa. Usain Bolt, siku alipovunja rekodi Berlin mwaka 2009, kasi yake ya juu kabisa haikufika hata 45. Whippet ni mdogo na mkali wa kona, ila ngozi yake ni nyembamba na huchanika haraka. Saluki, mbwa wa Waarabu wa jangwani, sifa yake ni pumzi. Irish Wolfhound ni jitu. Anafunguka vizuri njia ikinyooka, lakini kila kona inabebesha uzito mkubwa viungo vya miguu yake.

Afrika nayo ina wachezaji kikosini. Basenji ametoka Kongo, na jina lake liko karibu sana na neno “washenzi” la Kiswahili. Habweki kama mbwa wengine, ndiyo maana wawindaji wa huko walimfunga njuga ili wajue yuko wapi msituni. Ana akili nyingi: akishaisoma njia ya chambo, anakata kona na kwenda kukisubiri mbele. Porini huo ni ujanja, ila kwa waamuzi anapoteza pointi za kufuata.

Kusini mwa bara alitoka Rhodesian Ridgeback, aliyetumika kumzuia simba hadi mwindaji afike. Simba wa porini, si wa Msimbazi, kwa hiyo Wananchi wasianze kushangilia.

Mbwa wengine hawajaachwa jukwaani. Tangu mwaka 2011 AKC ina jaribio liitwalo CAT, ambalo mbwa wa aina yoyote anaruhusiwa, hata chotara. Anakimbia peke yake na hashindani na mtu. Mbwa wa kawaida anakimbia yadi 600, karibu mita 550, ndani ya dakika mbili. Hiyo ni zaidi ya urefu wa viwanja vitano vya soka vilivyopangwa mstari mmoja. Mbwa mfupi, asiyezidi inchi 12 mabegani, na wale wa pua bapa kama Pug na Bulldog, wanapewa nusu yake, yadi 300, kwa dakika moja na nusu. Akifaulu mara tatu anapata cheti cha CA.

Nusu hiyo haikuwekwa kwa kuwaonea huruma. Mbwa hapoi kwa jasho la mwili mzima kama binadamu, anategemea sana kuhema. Mwenye pua bapa ana njia finyu ya hewa, hivyo joto linabaki ndani na linaweza kumuua.

Kwa wanaopenda kasi tupu kuna Fast CAT, iliyoanza mwaka 2016. Ni yadi 100 za kunyooka, mita 91, pungufu kidogo ya urefu wa uwanja wa soka. Kasi kwa maili ndiyo inayogeuka pointi, na mbwa wa chini ya inchi 12 anazidishiwa mara mbili. Kambwa kafupi kakikimbia maili 15 kwa saa kanapata pointi 30, sawasawa na mbwa mrefu wa inchi 18 au zaidi aliyekimbia maili 30. Kwa hesabu hiyo, hata Dachshund mwenye miguu ya stuli anaweza kumpumulia mkubwa shingoni.

MAZOEZI YA KUANZIA

Kwanza ni umri. Mbwa haruhusiwi kushindana kabla ya miezi 12. Mifupa ya mtoto bado inakua, na kona za kasi zinaweza kuiharibu moja kwa moja. Mbwa wakubwa kama Wolfhound huchelewa zaidi kukomaa, na wengi huwasubiri mpaka miezi 18 au zaidi.

Pili ni daktari wa mifugo. Apime moyo, viungo na uzito. Mbwa mnene hapelekwi kwenye chambo ili apungue. Anapunguzwa kwanza kwa kutembezwa na kupangiwa chakula.

Tatu ni kuwasha hamu. Fimbo, kamba na mfuko vinatosha uani. Mfuko unachezeshwa chini, mbwa anaufukuza mara mbili tatu, anaachiwa aukamate, kisha mchezo unakwisha akiwa bado anautaka. Makosa ya wengi ni kumkimbiza mpaka achoke. Siku hiyo hiyo anajifunza kwamba chambo ni adhabu.

Nne ni uwanja. Aanze na njia fupi iliyonyooka, halafu kona moja, kisha mbili. Akimudu, mbwa wa kuwinda kwa macho anatafuta cheti cha JC kwa kukimbia peke yake yadi 600 zenye kona zisizopungua nne. Baada ya hapo anapimwa akiwa na mwenzake, ionekane kama anafuata chambo au anatafuta ugomvi. Akipita hapo ndipo kizibao cha njano, pinki au bluu kinamhusu.

SIKU YA MECHI

Asubuhi mbwa wanakaguliwa. Anayechechemea hachezi, na jike aliye kwenye joto hachezi. Baada ya hapo mzigo unabaki kwa mwenye mbwa. Asimlishe mlo mkubwa kabla ya mbio, kwa sababu mbwa wa kifua kirefu wako kwenye hatari ya tumbo kujaa hewa na kujisokota. Amtembeze dakika kadhaa apate moto kabla ya kuanza, na akimaliza asimtupe kwenye gari. Amtembeze tena mpaka pumzi itulie. Amwangalie nyayo na katikati ya vidole. Akiona ulimi umetanuka, ute umekuwa mzito na miguu inayumba, ammwagie maji, ampeleke penye upepo na kumwita daktari.

Mwenye mbwa hapaswi kukatiza kwenye kamba inayokwenda, wala kumwachia mbwa kabla ya amri. Kamba hiyo ikikaza inakata kama kisu, iwe ni ngozi ya mbwa au ya mtu.

Mtihani wenyewe unakuja kati ya raundi ya awali na fainali. Mbwa anaongoza kwa pointi, utepe unanukia, lakini mguu wa nyuma unakanyaga kwa kusitasita. Kumwondoa inaruhusiwa, ila jukwaani hakuna anayemlazimisha mwenye mbwa kuchukua uamuzi huo.

Kwenye soka kocha akikosea sub, jukwaa zima linamzomea. Hapa hakuna wa kuzomea. Mbwa aliyepaswa kupumzishwa ataruka kwenye gari wiki ijayo akitikisa mkia, tayari kukimbia tena, huku akichechemea.