Moshi wa Lori la Zamani (2): Uliza Wakati Kabla ya Kuuliza Rangi

Puge iko karibu nusu ya safari kati ya Nzega na Tabora. Hata waliojenga lami waliigawa kazi hapo: kipande cha Nzega hadi Puge, kisha cha Puge hadi Tabora. Reli ya Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, ilipitia Bukene na Isaka, kwa hiyo mzigo wa upande huu ulitoka kwenye mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi ukapandishwa kwenye malori. Zilikuja Bedford na Leyland, baadaye Scania zilizounganishwa TAMCO, Kibaha. Machache kati ya malori ya kizazi hicho bado yanatembea, na lori la umri huo likianza kutoa moshi ambao jana halikuwa nao, hukumu hutolewa haraka: ringi zimekwisha, injini ishushwe.

Hukumu hiyo mara nyingi ni ya kweli. Lakini ndiyo ghali kuliko zote, na hutolewa kwa kutazama rangi peke yake. Rangi husema ni kitu gani kinaungua: mafuta, oili, au maji yanayogeuka mvuke. Haisemi kimeingilia wapi. Hilo husemwa na wakati: asubuhi au mchana, kwenye mlima au kwenye mteremko, lori likiwa tupu au limepakia, dereva akikanyaga mafuta au akikanyaga breki. Ndiyo maana fundi mzuri humhoji dereva, na utingo pia, kabla ya kugusa spana.

Tuanze na moshi mweusi, ambao hauna mafumbo mengi. Ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwamba injini ya dizeli haina plagi. Hugandamiza hewa mpaka iwe na joto la kuwasha mafuta yenyewe. Sasa, uwanda wa Tabora uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na turbo huvuta ujazo uleule wa hewa, lakini ndani yake oksijeni imepungua. Pampu iliyopimwa pwani ikatoa kiasi cha juu kabisa cha mafuta itaonekana imeharibika ikifika huku, kumbe imezidisha tu. Dawa ni kuipunguza. Bahati mbaya mazoea ni kinyume: lori likikosa nguvu, skrubu ya pampu inaongezwa, moshi unakuwa mzito, na watu huridhika kwamba sasa linavuta. Kinachoongezeka hapo ni joto, na joto hilo hula pistoni.

Ila kama lori lilikuwa safi wiki iliyopita na leo ni jeusi, usianze na pampu. Angalia chujio la hewa. Kisha piga jeki uzungushe magurudumu kwa mkono, maana breki inayong'ang'ania huifanya injini ivute mzigo usiokuwepo kwenye karatasi za mzani.

Moshi mweupe wa asubuhi za Juni na Julai huwatia watu hofu bila sababu. Ukitoka mwepesi na kupotea hewani mara moja, ni mvuke. Ukining'inia na kuchoma macho, ni dizeli ambayo haikuwaka, na injini ya zamani yenye mgandamizo uliopungua hufanya hivyo mpaka ipate joto. Wa kuogopa ni mweupe unaoendelea mchana kutwa huku maji ya rejeta yakipungua. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, kisha iwashe. Mapovu yasiyokoma yanaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe imepasuka. Chomoa na kijiti cha oili: ikiwa oili imekuwa kama chai ya maziwa, lori lisitembee tena hata hatua moja.

Kama maji hayapungui na injini inakosa mlio mmoja, legeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, injini ikiwa kwenye sailensa. Nozeli nzima ikilegezwa, mlio hubadilika. Ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki, na moshi unapungua, ndiyo mgonjwa wako. Mikono iwe mbali: mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi.

Sasa tuje kwenye moshi wa bluu, ambao ndio unaoshusha injini nyingi. Bluu ni oili. Ukitoka wakati wote, ukaongezeka lori likivuta mzigo, na breza ya injini ikapumua kwa nguvu, basi ringi na silinda zimechoka kweli. Kabla ya kukubali, kagua vitu viwili ambavyo havigharimu kitu.

Cha kwanza ni chujio la hewa. Malori ya zamani mengi yana chujio la bakuli lenye oili ndani, na kwa vumbi la barabara za Ziba na Ndala lilikuwa wazo zuri sana. Vumbi hunaswa kwenye oili. Bakuli lina mstari. Utingo mwenye bidii akiliosha na kulijaza kupita mstari, injini hunywa oili hiyo kupitia njia ya hewa, na lori hutoa bluu kuanzia siku lilipofanyiwa usafi. Kwenye dizeli jambo hili ni la hatari, kwa sababu oili ni mafuta pia: injini inaweza kupanda mbio yenyewe na isizimike hata ukikata dizeli. Hapo huzimwa kwa kuziba mdomo wa hewa kwa ubao, au kwa kuweka gia kubwa huku breki imekanyagwa na kuachia klachi.

Cha pili ni kijiti cha oili, na hapa wengi hutazama kama oili imepungua tu. Ikiwa imeongezeka, inuse. Kiwambo cha pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangi kikitoboka, mafuta huvujia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, inapanda hadi chemba na kuungua. Ringi hazina kosa hapo, ingawa zitakuwa nalo baada ya safari chache za namna hiyo.

Imebaki kesi moja inayowashinda hata mafundi wenye mvi. Bedford TJ, iliyoanza kuuzwa 1958, ilitoka kiwandani na injini za dizeli au za petroli. Kwenye lori la petroli, busta ya breki hufanya kazi kwa mvuto wa injini, kupitia hozi inayounganishwa na njia ya hewa baada ya kabureta. Sili ya ndani ya busta ikikatika, mafuta ya breki hunyonywa kupitia hozi hiyo na kuungua: moshi mweupe mzito, wenye harufu kali, unaotoka dereva anapokanyaga breki au muda mfupi baadaye. Maji ya rejeta hayapungui. Chini ya lori hakuna tone. Watu hufungua hedi, hubadilisha gasketi, na moshi unarudi.

Kipimo chake ni rahisi. Lori likiwa limeegeshwa, chomoa hozi kwenye busta uone kama ndani imelowa. Kisha izibe, uwashe injini, uone kama moshi umekwisha. Halafu angalia kopo la mafuta ya breki, kwa sababu malori mengi ya umri huo yana mfumo mmoja wa breki kwa magurudumu yote, na mafuta yakiisha hakuna gurudumu litakaloshika. Lori la namna hiyo lisipakiwe mpaka busta itengenezwe na breki zitolewe upepo zote.

Sehemu ya tatu itahusu mafuta yaliyochakachuliwa, na kwa nini dizeli yenye mafuta ya taa huiua pampu bila kuonyesha moshi wowote.